Swali la Siri

Kifuniko cha chupa ya chai kiligonga gizani, sote tukiwa kwenye foleni ya basi la Tala. Mwenye chupa, kijana wa mkoba wa kompyuta, alikuwa akimlalamikia mama muuza ndengu aliyesimama nyuma yake.

"Binamu yangu ameingia kwa barua pepe yangu, akafuta barua ya kuniita kazini! Naye anaitaka kazi hiyo hiyo."

"Neno la siri alilitoa wapi?"

"Aliiambia kompyuta kuwa amelisahau. Kompyuta ikamuuliza jina la nyanya yangu, akajibu, ikamfungulia!"

"Nawe Mkamba mzima uliandika la kweli? Si kila nyumba kwenu ina msichana aliyerithi jina la nyanya yake?"

"Iliniuliza, mama! Ningeidanganya?"

Kwa jibu la kweli namna hiyo, mwalimu wangu wa masomo ya jioni angempa kijana tiki.

Basi likasimama. Binti yangu, niliyekuwa nimemshika mkono akisikiliza yote, akasema kwa sauti, "Mimi naitwa jina la nyanya."