Turubai Halikwanguliwi

Mwambieni Bwana Vitus, huyo mnunuzi wa picha, abaki sebuleni amalizie chai yake. Amekuja kutoka Dar kusubiri nikubali au nife, lolote litakalotangulia, basi asubiri akiwa amekaa. Hilaria, mwanangu, rudishia mlango, baridi inaingia. Teodori, weka simu mfukoni, mama yako anaongea. Na wewe Salome, mjukuu wangu, kaa hapa miguuni, na hiyo ndoo ya rangi nyeupe usiifunike, nina kazi nayo. Padre ameshanipaka mafuta jana, kwa hiyo ya mbinguni yamepangwa. Yaliyobaki ni ya hapa Sumbawanga, mtaa wa Izia, na hayo nayapanga mwenyewe, Marsiana, kwa kinywa changu hiki ambacho wengi walitamani kifungwe mapema.

Sikieni basi. Nyumba hii ni ya Hilaria, kwa sababu ndiye aliyefua mashuka yangu bila kukunja pua, na anayetaka kubisha aseme sasa nikiwa naweza kumjibu. Shamba la Mwazye ni la Teodori, ila ulime kwa matuta kama tulivyolimiwa sisi, usimpe mtu wa trekta alisawazishe kama uwanja wa mpira. Vyombo gawaneni kimyakimya, msije mkagombea masufuria barabarani watu wa Mazwi wakapata cha kuhadithiana mwaka mzima. Na msinichapishie fulana yenye sura yangu na maneno eti "msanii nguli". Nilipokuwa hai nikizunguka na picha kwapani hakuna aliyeniita nguli, niliitwa yule mama asiye na kazi.

Sasa hilo hapo ukutani.

Mmelizoea tangu mnatambaa, mnaona wanawake saba wametugeuzia mgongo wanapanda kilima, mnadhani ni pambo la mama. Lile ni turubai la lori, la kufunikia mahindi, na ndilo pekee tulilokuwa nalo. Tulikuwa wanne: Nyanda wa Shinyanga, Adolfu wa Songea, Silvana wa Bukoba, na mimi. Tumemaliza chuo, digrii mkononi, ofisi ya kwanza ikatuambia nchi inataka wahasibu, ya pili ikasema njooni wiki ijayo, na hiyo wiki naisubiri mpaka leo. Tukasema, sawa, hamtutaki, basi tutajiajiri wenyewe kuwaudhi. Tukajiita Umoja wa Wachoraji wa Turubai, wa kitaifa, kwa sababu tulitoka kona nne za nchi, si kwa sababu taifa lilitupa hata brashi.

Picha ya kwanza alichora Adolfu, na ilipokauka tukaanza kutazamana, kwa sababu tulikuwa watu wanne na turubai moja. Nikawaambia, kwetu Ufipa hatuhami shamba kila mwaka. Tunapindua nyasi, tunazifunika kwenye tuta, ntumba, tunapanda maharage juu, na zile nyasi zinaozea ndani. Msimu ukirudi tunalivunja tuta, tunasia ulezi, na ulezi unakula zile nyasi za mwaka jana. Nikasema tufanye hivyo hivyo. Silvana akacheka mpaka akakaa chini: "Jamani, huu sasa ndio uchawi wa Sumbawanga wenyewe!" Lakini tulifanya. Na tukaweka sharti moja tu: anayefunikwa ajifunike mwenyewe. Mwenye picha ndiye anayepiga mkono wa kwanza wa rangi nyeupe juu ya kazi yake, wenzake wakiwa wamesimama, kisha anampa brashi anayefuata. Usipojifunika kwa hiari, hakuna wa kukugusa. Salome, hilo ulishike kuliko yote nitakayosema leo.

Tulizunguka nalo Tabora, Iringa, Kigoma, tunalitundika kwenye ukuta wa ghala, watu wanakuja kututukana kwa raha zao. "Huyu ng'ombe mbona ana pembe kama misumari?" "Kisasa hicho, baba." "Kisasa gani, si mngemwuliza ng'ombe mwenyewe?" Tulikuwa tunalala njaa huku tumecheka.

Kisha tukaja huku. Mkubwa fulani alikuwa anakuja kutembelea, wakatuambia tuchore mkulima anatabasamu na hindi kubwa kama mtoto. Ilikuwa zamu ya Nyanda. Na mwaka ule, mnaosema mnaijua Rukwa, mahindi yalikuwa yamejaa hadi kwenye varanda za watu, malori hayaji, mvua inanyesha juu ya magunia. Nyanda akachora magunia yameota majani, na mkulima amekaa juu yake anatazama barabara. Mkubwa akasimama mbele yake, akauliza, "Huyu mkulima mbona hacheki?" Nyanda akamjibu, "Anasubiri lori, mheshimiwa. Likifika atacheka." Tukaambiwa ikifika asubuhi picha iwe imechomwa.

Hatukuichoma. Tulilikunja turubai tukaondoka nalo, Laela, Matai, mpaka Mwazye kwetu, watu wakaitazama wee mpaka wakaichoka. Ndipo ilipofika zamu ya Silvana, na Nyanda akachukua brashi mwenyewe, mbele yetu, akajifunika kona hadi kona, akasema, "Haya, panda." Sasa huyu Bwana Vitus anawaambia eti serikali ilimfunika Nyanda na yeye amekuja kumfunua. Mwongo. Hakufunikwa na mtu. Alijifunika.

Umoja ulivunjika pale Nyanda alipopata safari ya Ulaya. Akawaambia waandishi wa kule kwamba kundi lilikuwa ni yeye, sisi wengine tulikuwa tunamshikia ndoo. Nilisoma gazeti hilo nikalifungia vitumbua. Ninacho kinyongo naye, sikifichi, nitaenda nacho na nitamkabidhi tukikutana huko. Amekufa tajiri wa jina. Adolfu amekufa anaandika vibao vya kinyozi, Silvana amekufa Mbeya, hata maua sikusikia kwamba yaliwekwa. Na sasa hizo picha za mashine ya kuona ndani, kama zile za mifupa, alizopiga Bwana Vitus zimemwonyesha magunia ya Nyanda yapo chini pale, ndiyo maana mate yanamtoka. Anaita "restoration", eti kuirudishia picha ya zamani uhai wake. Nilimwuliza kwa lugha ile ile, mister, ili umfikie Nyanda utapitia wapi? Akasema watakwangua polepole, kitaalamu. Watakwangua nini? Watanikwangua mimi, wale wanawake saba. Halafu watakwangua Adolfu wa mara ya pili, halafu Silvana. Watu watatu waende kwenye ndoo ya uchafu kama magamba ya samaki, ili mmoja aning'inizwe kwenye ukuta wenye taa! Sitaki. Hata kwa kinyongo changu sitamfukua mtu aliyejifunika kwa mkono wake.

Teodori, usiangalie chini. Najua umeshampa mkono yule bwana, na najua una watoto wa kusomesha. Mkono ni wako, turubai si lako. Nakulaani? Hapana, nimekuzaa. Lakini ukimfungulia mlango mtu mwenye kisu cha kukwangulia, usije Mwazye kusimama juu ya kaburi langu ukanililia kwa sauti, nitakusikia.

Turubai ni la Salome. Unanitazama nini? Wewe ndiye mwenye digrii na bahasha ya vyeti iliyochakaa kwa kubebwa, wewe ndiye unayenitukania nchi kila asubuhi kabla ya uji. Jana umeniuliza, "Bibi, nitachora nini mimi juu ya watu kama nyie?" Chora hasira hiyo hiyo. Chora hizo ofisi. Ikikauka, mtafute mwenzako asiye na kazi, hawakosekani, ujifunike mwenyewe, umpe brashi. Anayelitaka, popote alipo, alichukue zima, na majina yote manne, matano pamoja na lako, au aliache.

Sasa ninyanyueni. Si huko, ukutani. Hilaria, shika kiuno… polepole. Tangu Nyanda aondoke sijapata wa kumpa zamu, miaka yote hii wanawake hawa wananingoja. Nipeni brashi. Ile pana. Teodori… wewe shika ndoo. Ndiyo, wewe. Inua juu kidogo.

Fungueni mlango, Bwana Vitus aone. Bwana, shikamoo yako nimeipokea, simama hapo hapo.

Huyu wa kwanza… mgongo wake nilichora wa mama yangu. Samahani, mama. Haya. Mweupe. Na huyu. Na… mkono mzito. Msinisaidie! Anajifunika mwenyewe, nimesema.

Wanangu, Mungu awape ardhi isiyochoka. Awape midomo… kama huu. Mpendane, hata kwa kelele. Mnizike Mwazye, upande wa matuta.

Bado kona ile. Nisogezeni. Hapo… hapo basi. Imeisha.

Salome. Shika brashi. Panda.