Mgomba wa Nyuma ya Nyumba

Taxi-bus ilikuwa inateremka kuelekea Panzi, na Carine, mikono juu ya mimba yake, alikuwa anasikiliza tu. Mbele yake mama mmoja alikuwa amefunga kitovu cha mjukuu wake kwenye kitambaa, akikipeleka Mwenga kukizika.

"Mutoto alizaliwa huku kwetu, pembeni ya muto Ruzizi," mzee aliyekaa karibu na mama huyo alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Kwa nini kitovu yake ipande milima?"

"Papa, huku tuko wageni."

"Nani haiko mugeni? Baba yangu alitoka Walungu. Kitovu yangu iko chini ya mugomba, nyuma ya nyumba. Na ya watoto wa majirani pia, Warega, Bahavu, maana wao hawana hata nafasi ya kupanda muhogo. Na ule mugomba unazaa, maman!"

"Babu yake analala Mwenga, ndani ya kaburi," mama akasema, akikaza fundo.

"Na mutoto atachezea wapi?"

Gari lilisimama penye magari ya kwenda Mwenga. Mama alishuka bado akibishana kupitia dirishani.

Carine, ambaye nyumba yao ya Minova iliungua pamoja na migomba yake, aliinama mbele, mkono juu ya mimba. "Papa, kwenu ni avenue gani, barabara gani?"