Mlango wa Nyumba ya Kavindu

Jongeeni mkekani, wajukuu wangu. Mwenye kucheka acheke sasa amalize, kisha anyamaze. Jambo hili halisemwi kwa sauti kubwa. Mwaka wa tisini na nane nilikuwa nikiuza kahawa Ukunda, nyuma ya soko. Vurugu za kuwafukuza watu wa bara zilikuwa zimepita mwaka uliotangulia, na wateja wangu walikuwa wamejipatia benchi jipya: ubao mpana, mzito, juu ya mawe. Katana tulimwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Garama tulimwita Hakimu. Wa tatu ni Randu, ambaye bintiye Dama hakuwa ametamka neno tangu alipoona nyumba za jirani zikiungua. Randu alitaka kujua jambo moja tu: ampeleke mtoto kwa yule mwanamke mgeni aliyefungua chumba cha ushauri, au asimpeleke?

— Nasikia hatoi dawa, alisema Randu. Ni mazungumzo tu.

— Mazungumzo gani ya kulipiwa mshahara? Redio alidakia. Yule ni kachero, bwana!

— Dada yangu Mbodze alikwenda, alisema Randu. Ati kwanza anakuuliza utapenda kukaa wapi, na mlango ufungwe au uachwe wazi. Halafu anakwambia, usilotaka kusema usiseme.

— Umeona! Hakimu alipiga paja. Mganga gani haulizi ugonjwa? Anakuvuta roho polepole huyo.

— Mbodze analala sasa.

— Amelishwa kitu!

— Na anapokea kila mtu, Redio akaongeza. Mwenye buibui, mwenye msalaba, Mdigo, Mkamba, hata walevi wa ufuoni. Wallahi ametumwa na watu wa bara. Tutalala hapa, tuamke Machakos!

Tulicheka. Randu hakucheka.

Mara akaja mwanamke, leso begani.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu, nilimjibu.

— Naomba kikombe kimoja. Naitwa Nzembi, wa ushauri, pale nyuma ya zahanati.

Redio akawa kama ametolewa betri. Hakimu alisogea.

— Karibu ukae, mama.

Hakukaa. Alikuwa akiutazama ubao. Aliinama, akapitisha kidole ukingoni, penye mikato midogo ya kisu, mmoja juu ya mwingine.

— Huu wa chini ni mimi, alisema taratibu. Huu ni kaka yangu Munyoki. Mama alikuwa akitupima urefu kwenye mlango huu kila Krismasi. Ndiye Kavindu, aliyekuwa akiwauzia mboga.

Sote tulimjua Kavindu. Sote tulijua ubao ulikotoka.

— Sikuja kuudai. Mama amefariki bila kunisimulia siku ile ya vurugu, nami sikumlazimisha. Nauliza tu: alipokuwa akikimbia, kuna yeyote kati yenu aliyemfungulia mlango ajifiche?

Hakimu alitazama miguu yake. Mimi nilikuwa nikifuta kikombe kilichokwisha takata.

Randu aliinuka. Wengine wakainuka pia, maana nani angeendelea kukaa?

— Mama, alisema, akishindwa kumtazama. Nina mtoto. Nikimleta... utampokea?

— Nitampokea. Ila muulize yeye kwanza kama anataka kuja.

Randu aliubeba ule ubao kichwani peke yake mpaka zahanati, hakutaka kusaidiwa. Ndio mlango wa chumba cha Nzembi tangu siku hiyo, na chumba chenyewe sasa amekirithi Dama, yeye ndiye anayewauliza watu ufungwe au uachwe wazi. Hakimu na Redio waliachiwa mawe. Dele hili la kahawa nitamwachia mwenzenu Kavenya. Na lile swali la Nzembi tuliachiwa sote tuliokuwapo, na leo nimewapa ninyi pia.