Mwezi Ambao Mama Ngoja Hakuwepo

Kwa ruhusa ya baba yetu, na yenu nyote mliokaa juani kwa ajili yetu, familia inasoma maisha ya mama yetu, ambaye wengi hapa mnamjua kwa jina moja tu, Mama Ngoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Septemba 1957, kijiji cha ng'ambo ya mto, mtoto wa tatu wa mfinyanzi na mkewe, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza, kiasi kwamba mama yake alimtuma maji hata mtungi ukiwa umejaa, ili masikio yapumzike. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari ya bweni hadi 1975, kisha akasomea utunzaji wa hesabu. Tarehe 12 Agosti 1978 aliolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye ndiye baba yetu huyu, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba.

Mwaka 1990 aliajiriwa kuwa afisa mikopo katika shirika lililokopesha watu wa vijijini, akapewa pikipiki, na kwa miaka sita alifika hata kule ambako barabara huishia kwenye shamba la mtu. Machi 1996 shirika lilifungwa, wakati wakopaji walikuwa wanalipa vizuri, na hapo ndipo usingizi ulipomruka. Wenzake walipokea mafao yao wakatafuta kazi nyingine, yeye akawa anamuuliza mumewe mezani, watu wanalipa, sasa shirika linakufaje? Baada ya kupiga hesabu aligundua kwamba riba ya mkopo mdogo wa kijiji cha mbali haikufikia hata bei ya petroli ya kuufuata, pengo lilikuwa likizibwa na wafadhili, nao walipoondoka, shirika halikuwa na miguu yake.

Kwa hiyo tarehe 8 Januari 1997, kwenye banda la mumewe la kuchomelea, alianzisha chama cha kuweka na kukopa, yeye na wanawake kumi na wawili, wakikutana kila Jumatano, bila pikipiki, fedha zikiwa za wanachama wenyewe. Fundi aliwatengenezea sanduku la makufuli matatu, funguo zikakaa kwa watu watatu tofauti, naye akatania kwamba hapo amemaliza deni la mahari. Aliyeomba mkopo aliambiwa ngoja hadi Jumatano ijayo, na mkulima alirejesha baada ya kuvuna, si kabla. Wenye kukopa walitaka riba ishuke, wenye kuweka walitaka ipande, na kila upande aliuuliza swali lilelile, "Na mwenzako akichoka akaondoka, wewe utabaki na nani?"

Lakini mwaka 2004 aliugua malaria wiki tatu, na alipopona akaambiwa kwa furaha kwamba hawakukutana hata mara moja, walikuwa wanamsubiri. Hakufurahi. Kuanzia hapo hofu yake ikawa moja, kwamba siku akizikwa, chama kitazikwa pamoja naye, ndipo akaamua kwamba kila mwezi wa Juni hatakuwepo. Ufunguo wake alimwachia mwanachama mwingine, akabaki nyumbani akifua na kupalilia, ila kwa mambo ya chama alikuwa msafiri.

Juni ya kwanza walimkopesha mwenye duka mmoja karibu fedha zote, mjane mwenye ng'ombe mgonjwa akakosa, wakaja uani wanaita.

"Mama Ngoja, tunajua upo, nguo zako zipo kwenye kamba."

"Mwenye nguo amesafiri," akajibu kutoka ndani.

"Sasa anayejibu ni nani?"

"Mlango."

Wakacheka mpaka wakakaa chini, na hapohapo uani wakakubaliana kiwango ambacho mwanachama mmoja hawezi kukivuka, sheria ambayo inafuatwa hadi leo. Naye alikuwa nyuma ya pazia, anasikiliza.

Oktoba 2023 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hospitali ya wilaya, hadi alipofariki Jumatatu tarehe 17 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 66. Jioni ile wanachama walikuja kumuuliza baba kama Jumatano waahirishe, akafikiri kidogo, akawauliza, "Huu ni mwezi gani?" Wakaaga, wakaenda kuwaambia wenzao kwamba Jumatano iko palepale.

Jana walikutana. Ufunguo wake ulikuwa kwa mwanachama mwenzao, mshonaji, tangu tarehe mosi, sanduku likafunguliwa, watu wakaweka, na muuza mboga aliyeomba mkopo wa mbegu, huku macho yamemvimba kwa kulia, akaambiwa angoje hadi Jumatano ijayo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa zamani, na wanachama wote. Naye mshonaji, baba anamwomba asiurudishe ule ufunguo.

Pumzika, Mama, pumzika kwa amani yote. Safari hii hatutakuja uani kukuita.