Dada Yetu Kiberiti, Aliyekataa Kuiita Plastiki Pamba

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba hii, familia imenisimamisha hapa nisome maisha yake, nami nitayasoma yote, matamu na yale yatakayokwaruza masikio ya baadhi yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yetu, aliyekuwa fundi makochi, na usingizi wake wa kwanza aliulala juu ya vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaingia sekondari mwaka 1975, kisha chuo cha biashara alichomaliza Novemba 1982, na likizo zake zote zilikuwa za kung'oa misumari kwenye makochi ya watu, jambo lililompa vidole vigumu, na ulimi mgumu zaidi.

Januari 1983 aliajiriwa forodha, katika kitengo kinachoamua kila mzigo unaoingia nchini uandikwe kuwa ni kitu gani, kwa sababu jina la mzigo ndilo linalopanga ushuru wake, na yeye akakabidhiwa vitambaa. Meza yake ilikuwa karibu na dirisha la ghala, juu yake pana mkasi, kioo cha kukuzia na kiberiti, maana alikuwa akichomoa uzi na kuuchoma, wa pamba ukinuka karatasi na kuacha majivu, wa plastiki ukiyeyuka na kuganda kama kidonge. Wenzake wakamwita Kiberiti, jina alilolipokea bila kinyongo, na sisi tuliolelewa naye tulijua limepata mwenyewe.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyezoea kusema kwamba katika nyumba yake yeye ndiye maji ya kuzimia moto, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, ambao mnawaona hapa wakiwa wamemzunguka baba yao.

Sasa nafika mwaka 1998, na naomba utulivu. Mwezi Septemba ziliingia kontena za vitambaa vya makochi vya mfanyabiashara mmoja mkubwa, zimeandikwa pamba, ambayo ushuru wake ni mdogo kuliko wa plastiki, dada akachoma uzi ukayeyuka, akageuza kitambaa akakuta nyuma kimepakwa tabaka la plastiki, akaandika alichokiona. Mkuu wa kituo akamwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia, "Andika pamba, mama, usitucheleweshee watu." Dada akamjibu, "Pamba gani inayoyeyuka, mkuu? Kama unaijua, andika wewe." Mkuu akaandika kweli, ila akaweka sahihi kwa jina la dada, na wakaguzi walipokuja mwaka uliofuata akawaonyesha sahihi ile, akawaambia huyu ndiye aliyehongwa. Dada alifukuzwa tarehe 30 Aprili 1999, mlinzi akamsindikiza mpaka getini, wenzake wakimchungulia madirishani.

Baba yetu alianza kuumwa mwaka huo huo, na mafundi wenzake hawakuja kumjulia hali, kwa kuwa mjini kote alikuwa amegeuka baba wa mla rushwa. Siku moja alimwuliza dada, "Ulichukua?" Dada akasema, "Sikuchukua, baba." Baba akageukia ukutani, na Februari 2000 akafariki na shaka hiyo. Dada hakulia mazikoni. Alinishika mkono akaniambia, "Huyu mtu nitamlipa."

Na alimlipa. Mkuu yule alikuwa akiendelea kupitisha plastiki ya mfanyabiashara yule, rafiki yake, kwa jina la pamba, huku mafundi wadogo walioagiza pamba halisi wakiandikiwa plastiki, ushuru ukawakaba koo. Dada alifungua ofisi ya ushauri nyuma ya saluni, akawakusanya mafundi hao mmoja mmoja, wakiwemo waliomkwepa baba, na Oktoba 2004 akasimama nao mbele ya baraza la rufaa za kodi. Mwenyekiti akakiinua kitambaa kutoka mzigo wa mfanyabiashara yule, akamwuliza mkuu, "Hiki ulikipitisha kama nini?" Mkuu akajibu, "Pamba." Dada akamsogezea kiberiti, akasema, "Choma, mkuu." Njiti ya kwanza ilimzimikia mkononi, ya pili ikashika, uzi ukayeyuka ukadondoka kidonge cheusi mezani, na chumba kizima kikanuka plastiki. Kabla ya mwaka kwisha mkuu alikuwa ameondolewa kazini.

Sitawadanganya kwamba dada alimsikitikia. Kila alipomkuta sokoni alimwamkia kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, "Shikamoo, Mzee Pamba!" mpaka wauza nyanya wakalidaka jina hilo, mpaka yeye akahama soko. Lakini barua ya kumfukuza dada haijafutwa hadi leo, kwa kuwa mwenye sahihi ile hajawahi kufungua kinywa.

Mwaka 2020 dada aligundulika ana maradhi ya figo, na Julai mwaka huu wa 2023 alilazwa. Mzee Pamba alikuja wodini na machungwa, akasema, "Kiberiti, tusameheane, tumeshazeeka." Dada akamwuliza, "Sahihi ile ni ya nani?" Akajibu, "Hayo yameshapita." Dada akasema, "Basi na machungwa yako yapite." Alipotoka, dada akatuagiza, "Nikifa atakuja, maana anapenda kuonekana. Mpeni kiti cha mbele." Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Agosto, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa asiyependa kuamrishwa, majirani waliotupikia na kutuchotea maji, mafundi makochi waliolipamba jeneza hili kwa pamba tupu, na wafanyakazi wenzake wa zamani, mliokuwa mkimtembelea kwa mlango wa uani na leo mmepita mlango wa mbele, karibuni.

Na wewe, Mzee Pamba, tumekupa kiti kama alivyoagiza. Nikishuka hapa nitakiacha kipaza sauti hiki mezani, kimewashwa, na hakuna atakayeshika jeneza mpaka usimame utuambie sahihi ile ni ya nani, au utoke, watu wote hawa wakikutazama mgongo.

Pumzika, dada. Amani yako tunaidai sisi.