Jicho la Haragwe: Maisha ya Marehemu Eliwaza Manase, Mfinyanzi wa Chome

Wafiwa, wachungaji, na ninyi nyote mliopanda mlima tangu alfajiri: mama tunayemlaza leo, tarehe 11 Machi 1957, alizaliwa Ugweno, tarehe 2 Juni 1903. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Manase na mama Ernesta, aliyekuwa mfinyanzi. Mama yake alizoea kusema kwamba Eliwaza alizaliwa siku ya ukungu mzito, na ukungu ule haukumtoka machoni. Kweli, tulioishi naye tulimkuta mara nyingi ameketi kizingitini, mikono mitupu, vidole vikizunguka hewani kana kwamba chungu kipo pale. Ukimwita haitiki mpaka amalize ukingo.

Alibatizwa na kusoma shule ya misheni huko Ugweno kuanzia mwaka 1912, hadi vita vilipofunga madarasa mwaka 1916. Alisoma vizuri na kuimba vizuri zaidi, ingawa mwalimu wake alilalamika kwamba kibao chake kilijaa michoro ya vyungu kuliko herufi.

Tarehe 13 Septemba 1924 alifunga ndoa na bwana Andrea, fundi mwashi wa Chome aliyekuwa amekwenda Ugweno kujenga kanisa. Mungu aliwajalia watoto watatu. Kichasu chake cha mwanzo, lugha yetu ya huku Chome, kiliwachekesha mawifi, naye akacheka pamoja nao.

Huku Chome hakuna aliyemjua. Vyungu vyake alivibeba kichwani mpaka gulio la Makanya, kule chini kwenye jua, akamnadia kila apitaye hadi sauti ikakauka. Watu walitazama sufuria mpya zilizoletwa na treni, zinang'aa. Alirudi na mzigo wake. Siku moja akiwa njiani kurudi alipumzika kwenye kivuli cha mwamba, akasinzia, akamwona mama yake akichagua maharage ya makande. Haragwe moja likamponyoka, likazama kwenye bega la chungu kibichi. Mama yake hakuliondoa.

Tangu hapo kila chungu chake alikibandika haragwe moja begani. Motoni haragwe liliungua, likaacha tundu dogo, jicho. Gulioni hakwenda tena. Alifinyanga vyungu vya makande tu, na mteja alipaswa kupanda mwenyewe hadi kwake na kuulizwa swali moja: "Nani atakula?" Chungu cha bibi harusi hakikuwa sawa na cha nyumba yenye wajukuu. Mwenye haraka alielekezwa kwa upole kwenye duka la sufuria. Mzee Andrea aliogopa kwamba watakufa njaa, na kwa miaka miwili mitatu hofu yake ilikuwa na msingi. Lakini waliokuja walikuwa ndio hasa aliowataka, wanawake wanaoinjika makande asubuhi na kuyaacha yaive kwa wakati wake. Hao waliwaambia wenzao. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kufikia mwaka 1938 hata watu wa Same walikuwa wakiulizia chungu chenye jicho.

Masika ya mwaka 1947 bwana Isihaka, mwenye duka Makanya, alimwomba amjazie duka zima. Kwa mara ya kwanza Eliwaza hakuuliza nani atakula. Vyungu hukaushwa darini juu ya meko mpaka unyevu wote utoke. Yeye, kwa haraka ya kujaza duka, akavishusha mapema, akavichoma, vikatoka na nyufa zisizoonekana. Majikoni mwa wanunuzi vikapasuka. Susana, mke wa Zebedayo, alimwaga makande yote majivuni mbele ya wakwe zake. Kesho yake alipanda na vipande kwenye kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mimi niliona jicho, nikaamini."

Eliwaza alilia kama aliyefiwa. Jina lake lote lilikuwa kwenye ile kanga. Mzee Andrea alimfariji kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Eliwaza akavirudisha vyungu vyote kutoka dukani, akamfinyangia upya kila aliyepasukiwa, na vile vibovu akavipanga kandokando ya njia ya kwake, macho yakimtazama anayepanda. Mumewe alimuuliza kwa nini anaanika aibu.

"Anayekuja kwangu apite kwanza kwenye kosa langu," alisema. "Akifika mlangoni na bado ananitaka, huyo ndiye wangu."

Wa kwanza kuipita njia ile alikuwa Susana. Nanyi leo asubuhi mmeipita.

Kifua kilianza kumsumbua Novemba 1955. Alilazwa hospitali ya misheni, akakatazwa moshi, akarudi nyumbani kufinyanga hewa. Januari mwaka huu aliomba udongo, akatengeneza chungu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Binti yake Priska alimpa haragwe, mama akausukuma mkono wa binti. Ndipo Priska akamuuliza swali lake mwenyewe.

"Nani atakula, mama?"

"Wote watakaopanda."

"Na jicho je?"

"Siku hiyo sichagui mtu."

Priska alikikausha darini hadi kikakauka kabisa, akakichoma. Mama alifariki alfajiri ya tarehe 9 Machi, vidole vyake vikizunguka taratibu juu ya blanketi, hadi vikatulia.

Ameacha mume, mzee Andrea; watoto Priska, Sefania na Tumainieli; wajukuu wanane; na dada yake Eliufoo wa Ugweno.

Tukitoka kaburini, makande yapo jikoni nyuma ya nyumba, ndani ya chungu kile. Asiondoke mtu bila kula.

Mama yetu, pumzika kwa amani katika udongo ulioupenda.