Honi za Akeyo: Maisha ya Fundi Wanjala wa Ggaba

Yamesomwa na dada yake, Nabangala, Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2025, nyumbani kwa marehemu, Ggaba

Tunayemlaza leo ni kaka yangu Wanjala. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Chwele, Bungoma, mtoto wa pili wa wazazi wetu, ambao wote wawili walimtangulia. Baba alikuwa mpakiaji wa mizigo Port Bell, bandari ya Kampala, kwenye feri za kubeba mabehewa, kwa hiyo Wanjala alitambaa Chwele akajifunza kukimbia Luzira, kando ya bandari hiyo. Mwaka 1970, wafanyakazi wa Kenya walipoamriwa kuondoka Uganda, tulirudi kwetu, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Mama alipenda kusimulia kwamba Wanjala alilia njia nzima, na hakuwa akililia nyumba. Alikuwa akililia redio ya baba iliyobaki kwa jirani.

Masomo aliyaanza Luzira, akayamalizia shule ya msingi Chwele mwaka 1975. Alifaulu, lakini sekondari hakufika, na hilo hakulisema kwa uchungu kama ninavyolisema mimi. Kati ya 1978 na 1980 alisomea redio na umeme katika chuo cha ufundi cha kijiji. Cheti chenyewe kilipotea zamani. Walimu wake walisema alikuwa mpole, mchelewaji, na akifungua kitu hakifungi mpaka akielewe.

Mwaka 1987 alirudi Kampala na kupokelewa na Mzee Abdul-Latif, Mnubi mwenye kibanda cha ufundi pembeni mwa Kikuubo, ule mtaa wa maduka ya jumla. Mzee yuko nasi hapa, ameketi pale mbele. Kazi yao ilikuwa spika za honi, zile za misikitini, makanisani na mikutanoni. Kwa wasiojua, nyuma ya honi hufungwa kidude kizito cha sumaku ambacho mafundi hukiita draiva. Ndani yake mna kiwambo chembamba kinachosukuma sauti kupitia tundu dogo, kisha honi inaikuza na kuitupa mbali. Wanjala aliweza kukuelezea hayo kuanzia chai mpaka chakula cha mchana, na ukisinzia anaanza upya.

Wazee wa Ggaba hawajasahau siku alipopanda mlingoti wa kanisa kufunga honi mpya. Alikuwa akinung'unika peke yake, hajui kwamba chini maikrofoni imewashwa. Soko zima la samaki likamsikia akisema, "Hawa watu ya Mungu wanakupatia chai mtupu, hata andazi moja hakuna." Aliposhuka alikuta sinia la maandazi na mchungaji amesimama kando yake. Jina la Andazi likamshika, na wengine wenu mnamjua kwa jina hilo tu.

Tarehe 18 Juni 1994 alifunga ndoa na Akeyo, binti wa Asembo aliyekuwa akiuza mukene, dagaa wa ziwani, hapa mwaloni. Mluhya na Mjaluo, tukasema hawatamaliza mwaka. Tulisema mengi, na tulikosea yote. Mungu aliwajalia watoto wawili, Wamalwa na Santina, na nyumba ambayo mtu akiikaribia anasikia wenyewe wakibishana kwa furaha kutoka vyumba tofauti.

Mwaka 2011 masikio ya wifi yangu Akeyo yalianza kufa. Sababu haikujulikana. Alisikia kwamba mtu anaongea, ila hakusikia anasema nini; sauti nene zilimfikia, zile nyembamba zinazobeba maneno zilipotea. Alipewa kifaa cha sikioni, kikawa kinapiga mluzi, akakirudisha kwenye kiboksi chake. Wanjala hakukubali. Alisema kama kuna kitu duniani kinachojua kubeba maneno ni honi, na kazi hiyo ndiyo aliyoisomea maisha yake yote.

Alichukua draiva mbili nzuri zilizotoka kwenye jumba la sinema lililofungwa. Honi zake hakutaka za bati. Alizichonga kwa mbao ya mvule, vipande juu ya vipande, akavigundisha na kuvisugua kwa msasa mpaka mkono ukipita ndani haukwami. Chini yake akajenga makabati yenye spika pana za karatasi kwa ajili ya besi. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka mitatu, na vumbi lake lote alilivuta yeye. Pasaka ya 2014 aliziwasha sebuleni, akaenda na maikrofoni mpaka karakana ya nyuma, akasema, "Akeyo, chai imechemka." Akeyo akajibu kutoka jikoni, "Ni mimi nimechemsha." Halafu akaketi chini, akalia, kwa sababu alikuwa amesikia kila neno.

Ningependa kuishia hapo. Mchungaji aliniomba wasifu huu uwe wa kutia moyo, na nimeuandika mara kadhaa bila moyo kutiwa. Akeyo mwenyewe amenipa ruhusa kuyasema yanayofuata. Alisema afadhali watu waambiwe kuliko wanong'one, maana minong'ono hata haimfikii.

Draiva ya honi ni kali kuliko spika ya karatasi. Ukizipa umeme uleule, honi itaimeza besi yote, ndiyo maana fundi anayeiweka nyumbani huipunguza kwa vizuizi vidogo vya umeme, rezista. Wanjala alizifunga vizuri mwanzoni. Lakini kila baada ya miezi Akeyo alirudi kusikia kelele bila maneno, na kila mara kaka aliondoa rezista moja ili sauti ipande. Wageni wakaanza kuagia mlangoni bila kuingia. Santina alisomea kwa jirani. Mzee Abdul-Latif alikuja akasimama katikati ya sebule, mikono masikioni.

"Ssebo, bwana wangu, honi ni ya kuita watu wako mbali," alimwambia. "Wewe unaweka yeye karibu na bibi yako, kwa nyumba ndogo namna hii? Rudisha rezista."

Wanjala akajibu, "Na huyu pia iko mbali, Mzee."

Mwezi Agosti 2017 walikwenda kwa daktari wa masikio. Daktari akauliza kama nyumbani kuna mashine ya kelele. Kaka akamweleza kuhusu honi zake kwa fahari yote, akamchorea na picha, akamwonyesha mahali draiva inapokaa. Daktari alimwacha amalize. Kisha akamwambia, kwa upole, kwamba uziwi wenyewe haukuletwa na honi, ila kile kidogo kilichokuwa kimebaki kimemalizwa na sauti ile ya kila siku, na hakirudi.

Siku hiyohiyo alizifungua draiva zote mbili. Makabati bado yapo sebuleni, mtayaona yana mashimo juu. Honi za watu aliendelea kutengeneza, lakini ya kuweka ndani ya nyumba hakutengeneza tena, hata aombwe na nani. Akeyo alimwambia mara nyingi kwamba alipata miaka mitatu ya kusikia watoto wake na hailalamikii. Kaka aliitikia kwa adabu, lakini hakuamini hata neno moja. Alinyoa masharubu aliyofuga tangu ujana ili mke wake aone midomo yake vizuri, na ndivyo walivyozungumza tangu hapo, uso kwa uso, mwangani.

Kikohozi kilianza Januari 2023. Mapafu yalikuwa yamekakamaa, na madaktari wakasema dawa ingemtuliza tu. Tarehe 6 Oktoba mwaka huu alilazwa, akawekewa barakoa ya oksijeni.

Jumapili tarehe 12, asubuhi, mimi nilikuwa kwenye foleni ya dawa, Wamalwa alikuwa njiani akitoka Eldoret, Santina alikuwa amekwenda kuoga. Akeyo alibaki naye peke yake. Kaka alifumbua macho, akamtazama, akaanza kusema. Akeyo aliona kidevu kikicheza na plastiki ikiingia ukungu, ila midomo hakuiona. Maneno hayakuwa machache. Alitaka kuinua barakoa, akaogopa kumnyima pumzi. Basi akamshika mkono na kumwitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia. Kaka akanyamaza, akafumba macho. Niliporudi na dawa alikuwa ameshakata roho. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne.

Ameacha mjane, Akeyo, watoto wawili, Wamalwa na Santina, wajukuu watatu, mimi dada yake, na Mzee Abdul-Latif, ambaye si wa damu yetu lakini alimlea kikazi na amekuja kumzika kama mwanawe. Wazee wa Chwele walitaka tumpeleke nyumbani. Yeye alikuwa ameshasema azikwe anapoishi Akeyo, na tumemtii.

Wifi yangu anausoma wasifu huu kwenye karatasi, kwa hiyo yuko nyuma yangu kidogo; naomba tumsubiri. Unapompa pole, usimpigie kelele sikioni. Simama mbele yake, pole yako aione.

Ameniomba niulize jambo moja mbele ya watu wote, na nimemwahidi. Kama kuna aliyepita karibu na kitanda kile Jumapili asubuhi, muuguzi, mgonjwa au aliyeleta uji, akasikia Wanjala alichosema, tafadhali amwandikie. Nimeshauliza wodi nzima na jibu ninalijua, lakini nimeuliza.

Mungu ampokee kaka yetu. Apumzike akiamini kwamba alisikika.